Kupiga Windows Upya Siyo Ufundi!

Leo nina ugomvi, na nausema mapema ili asiyependa ugomvi aondoke sasa hivi. Nina ugomvi na mafundi wa kompyuta. Siyo wote, wapo ninaowaheshimu sana. Ugomvi wangu ni na yule fundi ambaye ukimpelekea laptopu iliyokwama katikati ya kupandishwa toleo la Windows, hakuulizi swali hata moja. Haangalii skrini imeandika nini. Anachomeka flashi yake na kukuambia: "Hii dawa yake ni kupiga Windows upya tu, njoo jioni."

Jioni unakwenda. Laptopu inawaka vizuri, nyepesi kama mpya. Unalipa, unashukuru, unaondoka. Ukifika nyumbani unatafuta ile folda uliyozoea kuiona mbele ukiwasha tu. Haipo. Unatafuta picha. Hazipo. Unampigia fundi simu, anakujibu bila wasiwasi: "Kwani ulisema kuna vitu vyako, dada?"

Hivi jamani, nani ana laptopu isiyo na vitu vyake?

Hoja yangu ni moja tu. Kufuta diski na kuweka Windows mpya kabla ya kujua kwa nini ya zamani imekwama siyo kutengeneza. Ni kufuta ushahidi. Tena mara nyingi ni kufuta hata kile ambacho Windows yenyewe, pamoja na vituko vyake vyote, ilikuwa imekitunza.

TUNAPOTEZA NINI?

Tuanze hapa, maana kuna watu wanadhani naongelea nyimbo na filamu. Siongelei nyimbo. Naongelea mweka hazina wa kikoba ambaye michango ya wanachama wote iko kwenye faili moja la Excel. Naongelea mwalimu mwenye matokeo ya mihula mitatu. Naongelea mwanafunzi wa chuo aliyebakiza sura moja amalize utafiti wake, na mwenye duka aliyeacha daftari akaamini kompyuta kwa sababu sisi wenyewe, waandishi wa habari, tulimwambia aende na wakati. Naongelea picha za marehemu mama wa mtu.

Najua jibu la haraka: "Wangeweka nakala sehemu nyingine." Sawa kabisa, wangeweka. Lakini tuwe wakweli. Kupandisha mtandaoni GB 50 za picha kwa bando la kununua kidogo kidogo siyo mchezo, na diski ya nje ni pesa ambayo wengi wanaipangia matumizi mengine. Zaidi ya hapo, kosa la mteja kutokuwa na nakala halimpi fundi kibali cha kufuta nakala pekee iliyobaki. Mgonjwa akija hospitali bila kadi yake ya zamani, daktari haruhusiwi kumpasua bila kumpima!

WINDOWS INAPANDAJE?

Nieleze kidogo kazi yenyewe inavyokwenda, maana hapa ndipo ule uongo wa "hakuna namna nyingine" unapoanguka.

Kupanda toleo, tuseme kutoka Windows 10 kwenda Windows 11, kunapita hatua nne. Ya kwanza inafanyika ukiwa bado ndani ya Windows ya zamani: mashine inakaguliwa, mafaili ya toleo jipya yanashushwa na kukaa kwenye folda iliyofichwa inayoitwa $WINDOWS.~BT. Katika ya pili laptopu inazimika na kuwaka ndani ya mfumo mdogo wa muda, na huko ndiko Windows ya zamani inasogezwa pembeni na mpya inaandaliwa. Katika ya tatu Windows mpya inawaka kwa mara ya kwanza na kufunga draiva. Katika ya nne inawaka tena, inamalizia kuhamisha mipangilio na vitu vyako, na kukukaribisha.

Sikiliza sasa. Mfumo huu umetengenezwa ukijua kwamba unaweza kushindwa. Kitu kikigoma, unatakiwa kurudi nyuma wenyewe hadi Windows ya zamani. Hata ukifanikiwa, Windows ya zamani inawekwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na kwa kawaida una siku 10 za kubadili mawazo na kurudi ulikotoka. Muda wote huo mafaili yako yako ndani ya diski ile ile. Hayajakwenda popote!

Kwa hiyo laptopu inayozunguka zunguka bila kufunguka, au inayofika asilimia fulani na kurudi nyuma kila mara, mara nyingi ni laptopu ambayo vitu vya mwenyewe viko salama kabisa. Hatari inaanza pale fundi anapochomeka flashi na kubonyeza kitufe cha kufuta.

SKRINI INASEMA, FUNDI HASIKII

Windows ikishindwa kupanda, inaacha namba. Namba hizi ni mbaya kuzitazama, nakubali, lakini zina maana. Chukua mfano wa 0xC1900101 - 0x20017. Sehemu ya kwanza inasema kilichotokea: usakinishaji umegoma na kurudi nyuma, na kwa kundi hili la namba mshukiwa wa kwanza ni draiva. Sehemu ya pili inasema ilitokea wapi: ile 2 inayofuata 0x ni hatua ya pili, kwenye ule mfumo mdogo wa muda. Ingekuwa 3, ni hatua ya tatu. Ingekuwa 4, ni ya nne. Fundi anayejua hili tayari ameshapunguza msitu mzima ukawa kichaka.

Afanye nini? Achomoe kila kisichohitajika: flashi, modemu, printa, kipanya cha nje. Aondoe antivairasi iliyowekwa na mtu mwingine. Achukue draiva na BIOS mpya kwenye tovuti ya aliyetengeneza laptopu, siyo kwenye tovuti za ajabu ajabu. Ajaribu tena.

Namba nyingine ni nyepesi zaidi. 0x80070070 maana yake nafasi kwenye diski haitoshi. Basi! Mtu anafutiwa utafiti wa miaka miwili kwa tatizo ambalo lingeisha kwa kuhamishia filamu kwenye flashi. 0xC1900208 maana yake kuna programu isiyoelewana na toleo jipya, itoe. 0xC1900107 maana yake jaribio la awali halijamaliza kusafishwa, washa upya mashine ujaribu tena. 0xC1900200 maana yake mashine haijafikia vigezo, hivyo hata ukiipiga Windows mara kumi, vigezo vitabaki pale pale.

Kuna moja inanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. 0xC1900104, na wakati mwingine 0x800F0922, inaweza kumaanisha kwamba kile kijisehemu cha diski kilichotengwa kwa ajili ya mfumo kimejaa. Kwenye laptopu nyingi za zamani kina MB 100 tu. Sasa fundi wetu anafanya nini? Anafuta sehemu ya C, yenye vitu vyako, na kile kijisehemu chenye tatizo anakiacha kama kilivyo! Amefuta mzima, amemwacha mgonjwa.

Na kama namba imepita haraka hukuiona? Kuna kumbukumbu. Ndani ya ile folda ya $WINDOWS.~BT, kwenye Sources halafu Panther, kuna mafaili ya setupact.log na setuperr.log yanayosimulia kila kilichofanyika. Microsoft wenyewe wanatoa bure programu ndogo inayoitwa SetupDiag, kazi yake ni kusoma kumbukumbu hizo na kukuambia kilichokwamisha. Tangu toleo la Windows 10 la mwaka 2020 imo humo humo kwenye usakinishaji, na majibu yake yanawekwa kwenye folda ya Windows, ndani ya Logs, ndani ya SetupDiag. Bure! Ipo tayari! Fundi hana hata haja ya kununua bando kuishusha.

Ukifuta diski, umefuta na kumbukumbu hizo. Ndiyo maana nimesema ni kufuta ushahidi.

"LAKINI IKIPIGWA UPYA INAPONA"

Hili ndilo jibu kubwa la mafundi, nalo linahitaji kujibiwa kwa heshima. Ni kweli, mara nyingi laptopu ikipigwa Windows upya inawaka. Lakini kuwaka siyo kupona.

Chukua diski inayokufa. Kupandisha toleo ni kazi nzito kwa diski, inasoma na kuandika kwa wingi kuliko ilivyozoea. Diski yenye maeneo mabovu inaweza kukuficha miezi mingi, halafu ikaumbuka siku hiyo. Fundi akifuta na kuweka Windows mpya, itawaka. Baada ya wiki mbili inaanza tena kukwama, mteja anarudi, analipa tena. Fundi wa kweli angepima afya ya diski kwanza, kwa sababu kila diski ya kisasa inajiwekea taarifa zake za afya na kuna programu za bure za kuzisoma. Angeona, angenakili vitu vya mteja usiku huo huo, kisha angemwambia ukweli: mama, diski inakufa, nunua nyingine.

Tena kuna suala la leseni ambalo halizungumzwi. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au mpya zaidi zina ufunguo wa leseni umehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Mwenye laptopu alishalipia! Ukimwekea toleo lile lile alilokuwa nalo, likiingia mtandaoni linajitambua. Fundi wetu yeye anaweka toleo alilonalo kwenye flashi, halilingani na leseni, halafu analifungua kwa programu ya wizi aliyookota mtandaoni, ambayo mara nyingi inakuambia kwanza zima antivairasi. Hivi mtu akikuambia zima taa nikuingizie mgeni ndani, utakubali? Mteja aliingia na Windows halali, ametoka na ya magendo, na bado amelipa.

"Mteja anataka haraka na rahisi." Hili nalo nalisikia sana. Kusoma namba ya kosa hakuchukui nusu saa. Kunakili mafaili kunachukua muda, ni kweli, basi weka bei yake. Mwambie mteja: kupiga upya bila kuokoa vitu ni bei hii, kuokoa vitu kwanza ni bei hii. Akichagua kupoteza, ni yeye amechagua. Siyo wewe umchagulie kwa kunyamaza.

UTARATIBU NI HUU

Siyo mimi niliyeugundua, mafundi wazuri wanaufuata kila siku:

1. Uliza. Nini kilitokea? Umeme ulikatika? Skrini iliandika nini? Kuna vitu gani humu ndani usivyotaka vipotee?

2. Nakili kwanza. Laptopu isiyofunguka siyo laptopu isiyosomeka. Washa mashine kwa Linux kutoka kwenye flashi, bila kuisakinisha, na utaona mafaili ya mtu yamejipanga kama alivyoyaacha. Linux Mint inashushwa kwa GB chache, na kama bando ni tatizo, matoleo mengi ya Puppy Linux yako chini ya GB 1. Flashi moja ya namna hiyo inatumika kwa wateja wote.

3. Jaribu kurudisha. Laptopu ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, Windows kwa kawaida inafungua yenyewe ukurasa wa ukarabati. Humo kuna kutengeneza mwanzo wa kuwaka, kuna kuondoa sasisho la mwisho, kuna kurudi toleo lililopita. Vyote hivyo havigusi mafaili.

4. Tafuta sababu. Namba, kumbukumbu, afya ya diski, nafasi, draiva.

5. Ndipo, kama yote yameshindikana na nakala iko mkononi, piga Windows upya. Sijasema kupiga upya ni haramu. Nimesema iwe ya tano, isiwe ya kwanza.

Hapo kwenye kunakili kuna mtego mmoja. Laptopu nyingi za sasa zinafunga diski kwa BitLocker, na kuanzia toleo la Windows 11 la mwaka 2024 jambo hili linawashwa lenyewe kwenye mashine nyingi zaidi zinaposakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft. Laptopu ikikwama inaweza kuomba ufunguo wa tarakimu 48. Fundi asiyejua anasema "imejifunga, tuifute." Ngoja, kaka! Ufunguo kwa kawaida uko kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye laptopu, au ofisini kwake kama mashine ni ya kazi. Mpe simu yake aingie kwenye akaunti autafute. Bila ufunguo hata ile Linux haitasoma kitu, na ukifuta ndiyo kwaheri.

Na kama tayari umeshafutiwa? Zima mashine sasa hivi. Usiweke kitu, usijaribu jaribu. Kwenye diski za zamani zinazozunguka, kufuta kwa haraka kunafuta orodha tu, vitu vyenyewe vinakuwepo hadi viandikwe juu yake, na programu ya bure kama PhotoRec inaweza kuvitoa. Kwenye SSD habari ni mbaya: mfumo unaiambia diski isafishe nafasi iliyoachwa wazi, na ikishasafisha hakuna wa kukurudishia.

NA MICROSOFT JE?

Kuna watakaosema namwonea fundi wa mtaani na kumwogopa tajiri wa Marekani. Simwogopi. Tajiri naye ana madhambi yake, na yako wazi.

Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Watu waliojaribu kupanda na wakashindwa waliletewa kisanduku ambacho kwa Kiswahili kingesomeka: "Kuna kitu kimetokea." Chini yake, kwa maelezo zaidi: "Kuna kitu kimetokea." Kampuni yenye mabilioni inamwambia mtu hivyo!

Mwaka 2016 ikawa mbaya zaidi. Kile kidirisha cha kukukumbusha upande kilifika mahali ambapo kukifunga kwa alama ya X hakukufuta ratiba ya kupanda. Watu walifunga dirisha, wakaenda kulala, wakaamka na Windows 10. Desemba mwaka huo mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba hapo walivuka mpaka. Kabla yake kulikuwa na Teri Goldstein, mfanyabiashara wa mambo ya usafiri huko Sausalito, California. Alisema hakuridhia kompyuta yake kupandishwa, ikapanda, ikashindwa, ikamvurugia kazi. Akaenda mahakamani mwenyewe, akapewa dola 10,000. Microsoft walikana kosa lakini wakaacha rufaa.

Oktoba 2018 toleo jingine la Windows 10 lilisimamishwa siku chache tu baada ya kuanza kutolewa, kwa sababu lilikuwa linafuta mafaili ya baadhi ya watumiaji. Wapo waliokuwa wameripoti tatizo hilo kabla, ripoti zao zikapita bila kuonekana. Na wenye Apple msicheke. Programu ya kupandisha macOS Big Sur ilikuwa haikagui vizuri kama nafasi inatosha, watu wakakwama katikati, hadi ilipotolewa iliyorekebishwa Februari 2021.

Kwa hiyo ndiyo, wakubwa wana lawama. Wanatengeneza mifumo wakidhani kila mtu duniani ana umeme usiokatika, intaneti isiyopimwa na laptopu ya mwaka jana. Hawamfikirii mtu ambaye betri ilishakufa, laptopu inakwenda kwa chaja tu, na umeme ukikatika asilimia 64 hakuna wa kumlilia. Na wanazungumza nasi kwa namba! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutuletea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, Microsoft nao wakaivalisha Windows XP sura ya Kiswahili miaka hiyo hiyo. Maneno ya vitufe yalipatikana. Maneno ya kumwambia mtu "nafasi haitoshi, futa kidogo" yanashindikana vipi?

Lakini haya yote yanaongeza wajibu wa fundi, hayaupunguzi. Kampuni ikizungumza kwa mafumbo, tunamlipa nani atufumbulie? Fundi. Kama na yeye hasomi fumbo, tunamlipa kwa lipi?

KWA NINI NAPIGA KELELE SASA

Kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 kwa masasisho ya bure ya kawaida. Tangu hapo watu wanahangaika kupanda Windows 11, ambayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au mpya zaidi, ukiacha chache za kizazi cha saba. Sasa angalia laptopu za mtumba tunazonunua. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470. Mashine nzuri, imara. Zote kizazi cha sita!

Mwenye mashine hiyo akijaribu kupanda anakataliwa. Anampelekea fundi. Fundi anailazimisha kwa flashi iliyoondolewa ukaguzi, programu kama Rufus inaweza kuiandaa, na ndani ya hiyo kazi anafuta kila kitu. Windows 11 itawaka, ndiyo. Lakini Microsoft walishasema mashine zisizokidhi vigezo hazina haki ya kudai masasisho, ina maana sababu yenyewe ya kupanda, yaani usalama, haina uhakika. Je, mteja aliambiwa hilo? Aliambiwa kwamba mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa kuendelea kupokea masasisho ya usalama ya Windows 10 hadi Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila pesa kwa kusawazisha mipangilio kwenye akaunti ya Microsoft? Aliambiwa kwamba Linux inakaa vizuri sana kwenye ThinkPad ya zamani na haidai leseni? Hakuambiwa. Aliambiwa njoo jioni.

Nchi za Ulaya zilizo katika Eneo la Kiuchumi zilipata mwaka huo wa nyongeza bure bila sharti la kusawazisha, na hiyo ilikuja baada ya watetezi wa watumiaji huko kulalamika kwa sauti. Walisema, wakasikika. Sisi tunakubali kila tunachoambiwa, na kampuni na fundi, halafu tunalia nyumbani.

Basi tuanze kusema. Ukipeleka laptopu, kabla hujaiachia, uliza mambo matatu. Tatizo ni nini, na umejuaje? Vitu vyangu utavinakili wapi kabla hujagusa kitu? Utaniwekea toleo gani, na leseni yake ni ipi? Andika kwenye karatasi, mwambie asaini. Fundi wa kweli hatakasirika, atafurahi kupata mteja anayejua anachotaka. Akikasirika, chukua laptopu yako, kuna fundi mwingine mtaa wa pili.

Na wewe fundi unayesoma hapa umenuna, nisikilize ndugu yangu. Kuchomeka flashi na kubonyeza mbele, mbele, mbele, hata mtoto wa darasa la sita anaweza, akionyeshwa mara moja. Siku watu wote wakijua hilo, utauza nini? Kitakachobaki na thamani ni kile ambacho flashi haiwezi: kuuliza, kusoma, kufikiri, kuokoa. Huo ndio ufundi. Ukiuacha, usishangae wateja nao wakikuacha.

Nawasilisha. Wenye hoja ya kunipinga karibuni sana, lakini tafadhali msije na ile ya "kwani ulisema kuna vitu vyako?"